Kufuli la Cailing

Yulian alikuwa amepanga na dada yake kisirisiri: leo harudi kwenye tishari, chombo alichoishi na mumewe; atabaki mjini afanye kazi hotelini. Miaka minane ya kusomba mchanga katika Mto Yangtze ilikuwa imemtosha, na binti yake Doudou alikuwa na miaka sita bila kujua darasa linafananaje. Kilichobaki ni kumwambia mumewe, Shuigen, na hapo ulimi ulikuwa mzito.

Maana Shuigen siku hiyo alikuwa na furaha ya kuudhi! Waliposhuka mjini Hankou asubuhi akawanunulia tambi za ufuta, wakala huku wakitembea kama wenyeji. Alitazama maghorofa, akacheka.

"Mama Doudou, ona lile! Hao wa juu wakisahau chumvi dukani, si wanakula hivyohivyo?"

Yulian alicheka huku roho inamuuma. Doudou aling'ang'ania suruali ya mama yake njia nzima. Kwenye tishari alifungwa kamba kiunoni tangu aanze kutambaa, asije akatumbukia, kama watoto wote wa mtoni.

Mchana wakapanda kwa Cailing, dada yake Yulian, mfua mashuka wa hoteli. Chumba kilikuwa kimoja, hakina dirisha. Cailing akamkonyeza mdogo wake: sema basi! Mara simu ikalia, msimamizi wake yuko chini anamtaka. Akatoka mbio, na nje kufuli likalia kacha!

"Ebo! Ametufungia?" Shuigen akaruka.

"Amezoea, shauri ya mwanawe. Mtoto akitoka shule humfungia humu, yeye aende kazini," Yulian akasema, na maneno yake mwenyewe yakamtisha.

Shuigen akagonga, akaita, akapiga simu isiyopokelewa. Joto likawabana. "Saa kumi na moja tunang'oa nanga, jamani! Huyu shemeji ana akili kweli?"

"Mimi siendi," Yulian akasema.

"Huendi wapi?"

"Mtoni. Nabaki na Doudou, asome."

Shuigen alimtazama mpaka Yulian akainamisha macho. "Humu? Umtoe kwenye kamba, umtie kwenye kufuli? Hongera, mama!"

Maneno hayo yalimchoma. Mlango wenyewe haukufunguka, na chumba kilizidi kuwa kidogo.

Ndipo Cailing akarudi, akafungua huku akiomba radhi na kucheka peke yake. Doudou alikuwa ameketi sakafuni karibu na mguu wa kitanda, akichezea kizibo cha chupa. Kizibo kikamponyoka, kikabingirika hadi mlangoni. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akatulia.

"Kachukue kizibo chako, mwanangu," mama yake akasema.

"Sifiki, mama."

Hakufungwa popote. Mlango ulikuwa wazi. Shuigen akaupa ukuta uso wake, mabega yakamtikisika. Yeye ndiye aliyekuwa akilikaza fundo la kamba ya Doudou kila asubuhi.

Yulian akalichukua kufuli mkononi mwa dada yake.

"Kesho ukienda kazini utamwacha na nani?" Cailing akanong'ona.

"Sijui, dada. Sijui kabisa. Ila hafungwi tena, si kwa kamba, si kwa hili."

Shuigen akajifuta uso kwa kiganja. Alimbusu mtoto utosini, akakiruka kizibo pale mlangoni, akateremka ngazi peke yake kurudi mtoni. Doudou akaanza kulia akimwita baba, na hakuinuka pale alipoketi.