Sahihi ya Mjomba

Punje ya tatu ilipasuka katikati, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Bibiana aliitupa kwenye bakuli la vipande, akapaka vidole jivu upya. Miaka kumi na minane anabangua korosho hapa Newala, mafuta ya maganda yamemla mpaka ncha za vidole, lakini punje tatu mfululizo? Hata mkono una siku unaamka na mambo yake.

Mwalimu Ebenezer, Mchaga aliyemfundisha binti yake Priska mpaka kidato cha nne, aliiegesha pikipiki uani, akasahau kuizima, akaja na fomu mkononi.

"Mama Priska, Waingereza wameikataa fomu!"

"Karibu, Mwalimu. Kwenu Uchagani hamna hodi?"

Hakucheka. Shule ile ya wasichana pekee, huko Norwich, ilikuwa imempa Priska miaka miwili ya kusoma bure. Sasa imegundua kwamba kwenye cheti cha kuzaliwa baba ni Luka, ila kwenye fomu, penye baba, ametia sahihi mtu anaitwa Silvano.

"Silvano ndiye nani?"

"Kaka yangu. Mjomba mtu."

"Lakini fomu imesema baba!"

"Si inamtaka mwenye mtoto? Kwetu mwenye mtoto ni mjomba. Luka yuko Tandahimba kwa mke mwingine. Nikimpigia, ananiambia kamuulize kaka yako."

Mwalimu alijishika kichwa. Saa tano mkuu wa shule angepiga simu ya video. Jambo lisipokaa sawa leo, nafasi anapewa msichana mwingine.

Silvano aliitwa, akaja na koti lake la kanisani na kandambili. Alizivua mlangoni, akaitikia shikamoo ya Priska, akakalia kiti pekee chenye mikono. Priska aliketi, akasimama, akaketi tena. Bibiana alihamisha kigoda kile kile mara tatu.

Kwenye simu alitokea mama wa Kizungu mwenye mvi. Dirishani nyuma yake wasichana walikuwa wakipita na soksi za magotini, wanakimbilia darasani. Alisema, Mwalimu akatafsiri.

"Anashukuru sana. Ila sahihi ya mjomba kwao haitoshi. Wanataka ya baba au ya mama."

Silvano alicheka kicheko kikavu. "Aliyemnunulia madaftari nani? Aliyegharamia unyago wake nani? Mwambie: kama sahihi yangu haifai, mtoto haendi."

Mwalimu aligusagusa kioo cha simu.

"Mwambie!"

"Mtandao unakatika, mzee," alisema Mwalimu. Mama wa Kizungu alikuwa akiwatazama bila kukatika hata kidogo.

Tangu azaliwe, Bibiana hajawahi kuweka neno juu ya neno la kaka yake. Alijifuta mikono kwenye kanga. Akaifuta tena.

"Mwalimu, nipe hiyo fomu."

"Bibiana! Unanivua nguo mbele ya wageni?"

"Koti unalo, kaka. Na limekukaa."

Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, na kidole kikaacha alama ya jivu pembeni. Mwalimu aliinua karatasi mbele ya simu. Mama yule alitikisa kichwa kukubali, akasema maneno marefu, akatabasamu, kioo kikazima.

"Kasemaje?" Priska aliuliza.

"Tuwatumie picha ya fomu leo hii. Shule inafungua Septemba."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Silvano alikuwa ameshafika mlangoni.

"Akiugua huko, usinipigie."

"Nimpigie nani basi, kaka? Luka?"

Aliwapa mgongo, akiangalia uani kama mtu anayehesabu kuku wa jirani. Kisha, bila kugeuka:

"Huko wanakula nini?"

"Viazi, mjomba," alisema Priska.

"Viazi. Kila siku?"

"Sijui, mjomba."

Alikuwa amevaa kandambili moja. Ya pili ilikuwa bado chini, na mguu mtupu ulikuwa ukiitafuta, ukiigusa na kuiacha, bila mwenyewe kuutazama.