Miaka Saba ya Kithitu

Mume wangu Nzuki ndiye aliyeipa serikali lile wazo. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu siku hizi watu wa Zombe wanalisimulia kana kwamba liliota lenyewe kama magugu. Halikuota. Lilitoka kinywani mwa Nzuki, mzee wa kanisa, mwanamume wa suti moja na Biblia mbili, na siku alipolitoa alipigiwa makofi hadi akasahau kuketi.

Ilikuwa kwenye baraza la mwaka uliofuata ile njaa ya miaka ya sabini. Mifugo ilikuwa imebaki michache, na hiyo michache wezi walikuwa wanaijua kuliko wenyewe. D.O., mkuu wa tarafa yetu, alikuja akasema serikali inataka maoni ya wananchi. Wizi upunguzwe vipi, na jela nazo zipunguzwe watu vipi, maana zimejaa hadi wafungwa wanalala kwa zamu. Watu wakasema ya siku zote: polisi waongezwe, wezi wachapwe, wezi wachomwe. Nzuki akasimama akasema kesi ndogo zirudishwe nyumbani kwa wazee wa lokesheni. Alieleza jinsi mjane aliyeibiwa mbuzi anavyouza mbuzi wa pili apate nauli ya kwenda kortini Kitui, na akifika anaambiwa kesi imeahirishwa. Alieleza jinsi kijana aliyeiba kuku anavyofungwa pamoja na majambazi, akirudi amehitimu. Wazee wanawajua watu wao, alisema. Wasikilize wao, mwizi alipe alichoiba, abaki kwao alime. Kortini apelekwe tu yule atakayewakaidi wazee.

Lilikuwa wazo zuri. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema lilikuwa baya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kiilu, aliyekuwa mkubwa wa wazee, aliuliza itakuwaje mtu akikana. Nzuki akajibu ataapa kwa Biblia. Watu walicheka. Kiilu alisema Biblia watu wanaapa nayo kortini kila asubuhi na kufika saa nne wameshadanganya. Wazee wasio na kithitu, alisema, ni wanaume wanaopiga porojo tu.

Kwa asiyekijua, kithitu ni kiapo cha Wakamba. Ni pembe kuukuu iliyojazwa vitu ambavyo hakuna mwanamke anayeambiwa. Unaipiga kwa kijiti ukitamka kwamba kama umesema uongo, ikuue wewe na nyumba yako. Kiapo hicho kinapewa miaka saba kifanye kazi yake. Ukiimaliza na watu wako wazima, wewe ni msafi, na wazee wanakuchinjia mbuzi. Ukikataa kukipiga, umejitaja mwenyewe.

D.O. aliuliza kama hiyo ndiyo desturi ya hapa, akaambiwa ndiyo, akatikisa kichwa kukubali. Nzuki alimtazama pasta. Pasta alitazama viatu vyake. Basi likapita hivyo, wazo la mume wangu na pembe ya Kiilu ndani yake.

Njiani tukirudi nilimwuliza mbona hakupinga. Alisema kithitu kitakuwa cha watu wa nje, wale ambao hawajaokoka. Watu wa kanisa hawaibi, kwa hiyo hawataitwa. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. Nzuki aliweza kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kuangalia masikio tu, lakini hakuweza kuona kwamba mtu anaweza kuitwa mwizi bila kuwa mwizi.

Mwanzoni mambo yalienda sawa, sikatai. Vijana walilipa walichoiba wakabaki makwao. Kisha muumini mmoja, mtoto wa mjane, aliitwa kwa ajili ya mzinga wa nyuki, akapiga kithitu, akaachiliwa. Jumapili iliyofuata Nzuki ndiye aliyesimama kanisani na kutangaza kwamba kijana huyo ametengwa, asishiriki meza ya Bwana, kwa kuwa amewakimbilia miungu wengine. Mamake alilia hadi kwaya ikashindwa kuimba. Nilimwambia Nzuki amekuwa mkali mno. Akaniambia mlango ukiufungua kidogo, mbuzi wote wanatoka.

Halafu zikapotea fahali mbili za plau za Musyoka, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Zilitolewa zizini na mbwa hawakubweka, na zile fahali hazikumfuata mtu yeyote ila aliyezizoea. Waliozizoea walikuwa wawili tu waliokuwa wakimlimia Musyoka. Mmoja ni Ndululu, kijana wa sokoni, mcheshi, asiyemwogopa Mungu wala mizimu. Wa pili ni mwanangu Ndolo.

Ndolo hakuwa malaika. Alikuwa mvivu wa kuchota maji na mwepesi wa hasira kama mimi. Lakini wizi hapana. Huyu ni mtoto ambaye akisikia sala inaombwa popote, hata nyumba ya watu, anasimama anavua kofia mpaka iishe, kwa sababu babake alimfundisha hivyo akiwa bado anatambaa. Wenzake walimcheka kwa hilo na hakuacha.

Wazee waliwaita wote wawili. Kithitu kililetwa kikawekwa juu ya mawe, maana hakigusi ardhi. Ndululu hakungoja kuitwa mara ya pili. Alichukua kijiti, akapiga, akatamka maneno yote bila kukwama, akarudi mahali pake akitabasamu. Ndolo alipoitwa, Nzuki aliinuka akaomba mwanawe aape kwa Biblia. Kiilu akamjibu kwa upole kabisa kwamba mpango huu ni wake yeye Nzuki, na hauwezi kuwa na mlango wa watu wa nje na mlango wa watu wa ndani. Walimpa Ndolo hadi siku ya soko afikirie.

Nyumbani Ndolo alikuwa ameshafikiria. "Baba, nitaapa tu," alisema. "Mimi sijaiba kitu. Itaniua namna gani?"

Nzuki alisema si suala la kufa. Akishika kile kijiti, amemkana Yesu mbele ya Zombe nzima. Na yeye mwenyewe Nzuki atamtazamaje yule mjane ambaye mwanawe alimtenga?

Nilikasirika nikasema kila kitu. Nilimwambia, "Baba Ndolo, hii maneno ya wazee uliileta wewe. Ulipigiwa makofi wewe. Sasa mtoto ndiye atalipa? Mwache aape, na mkimtenga, mnitenge na mimi." Akasema Mungu atamtetea mwanangu. Nikamwuliza kama Mungu alimtuma pia apeleke pendekezo kwa D.O. Alimgeukia Ndolo akamwambia anayepiga kithitu haingii tena katika boma lake, na nilijua anamaanisha.

Ndolo akasema sawa.

Siku ya soko alikataa kuapa. Wazee wakasema amejitaja, alipe fahali mbili. Angekubali kulipa yangeishia hapo, lakini Ndolo alisema hawezi kulipa alichokula mwingine, na kwa hilo babake alimuunga mkono, kwamba kulipa ni kukiri. Basi akawa ndiye yule anayewakaidi wazee, yule ambaye mume wangu alisema apelekwe kortini. Na kortini hapakuwa na maneno mengi. Wazee wawili walieleza kwamba kwa desturi yetu asiye na hatia haogopi kiapo. Hakimu, mtu wa mbali, alisema amesaidiwa sana na wazee. Wizi wa mifugo siku zile ulikuwa na hukumu yake tayari: miaka saba, na viboko juu.

Hata mwaka haukuisha, Ndululu alilewa kilabuni akaanza kueleza mwenyewe. Alisema zile fahali zilipandishwa lori usiku uleule zikafika Malili, kwenye barabara kuu, kabla Musyoka hajaamka, na malori hayaulizi ng'ombe ni wa nani. Mtu akamwuliza na kithitu je. Akacheka akasema kithitu kinaua wanaokiogopa, na Yesu anawazuia wanaompenda, na yeye hayumo katika vitabu vya yeyote kati ya hao wawili.

Nilikwenda kwa Kiilu mbio, nikamwambia. Alinisikiliza, akanipa kigoda. Alisema maneno ya mlevi si ushahidi, na isitoshe Ndululu ameapa. Kama alidanganya, kithitu kitajibu chenyewe. "Tungoje miaka saba, Mama Ndolo," aliniambia.

Basi nikangoja. Nilimwombea Ndululu kifo kanisani, nimepiga magoti karibu na Nzuki, na sioni haya kusema. Kila alipokohoa nilifurahi. Alioa, akapata watoto wanene, mvua ilipokosekana kwa wengine kwake ilinyesha. Nzuki naye aliacha kula mezani. Alikwenda kumwona Ndolo jela mara moja tu, akarudi akasema kijana hana la kumwambia.

Miaka saba ilikwisha kwa wote wawili mwezi mmoja. Wazee walimchinjia Ndululu mbuzi wakatangaza kwamba ni msafi, na chifu, akitafuta watu wasio na doa, akamweka katika kamati ya usalama. Ndolo alishuka kwenye basi akiwa na mfuko wa karatasi na mgongo uliopinda, akakataa kulala kwa babake. Alilala jikoni kwangu.

Wiki hiyohiyo D.O. mpya aliitisha baraza. Alikuja kusema kwamba kesi za wizi kutoka Zombe zimepungua kortini, na kwamba wakubwa wanataka mpango wetu upelekwe sehemu nyingine. Alimsimamisha mume wangu ili watu wamwone mwenye wazo. Makofi yakapigwa. Makofi yalipotulia, Ndolo alisimama nyuma, karibu na wanawake.

"Mimi ni Ndolo wa Nzuki," alisema. "Naomba kupiga kithitu. Fahali sikuiba, na kufungwa nimeshafungwa, sitaki mnilipe kitu. Nataka tu niape mbele ya hawa watu, halafu mningoje miaka saba vile mlimngoja Ndululu."

Kiilu, aliyekuwa sasa anatembea kwa kushikwa mkono, alisema kithitu hupigwa kesi ikiwa hai, na hii ilikwisha, serikali iliimaliza. D.O. aliuliza pembeni ni jambo gani, akaelezwa. "Kijana," alisema, "umefungwa, umetoka. Mambo ya zamani wacha."

Ndolo hakumtazama. Alikuwa anamtazama babake. "Baba, waambie," alisema.

Nzuki alikuwa bado amesimama pale mbele walipomsimamisha. Nilidhani, na nilitaka kwa moyo wangu wote, kwamba sasa atasema. Neno moja tu kwamba mwanawe hakuwa mwizi, kwamba yeye ndiye aliyemzuia.

"Keti, mwanangu," alisema.

Ndululu wa kamati ya usalama ndiye aliyemletea kiti, kwa adabu zote. Ndolo hakukikalia. Nilimshika mkono, tukatoka, na hakuna aliyetuzuia. Tulikuwa tumefika dukani kwa Muturi tuliposikia baraza linafungwa kwa sala. Aliyepewa kuomba alikuwa mume wangu. Sauti yake ilitufikia neno kwa neno, akimshukuru Mungu kwa usalama wa Zombe.

Mimi niliendelea kutembea. Nilipogeuka, Ndolo alikuwa amesimama katikati ya barabara, kofia mkononi, kichwa ameinamisha. Alingoja hadi watu wakaitikia amina, kisha akaivaa akanifuata.