Majina Kwenye Usukani

Muuza mitambo kutoka Nairobi aliziacha jipiesi mbili, mashine za kuonyesha njia, juu ya meza ya Thuo, karani wa zahanati ya kanisa pale Kitale, akasema atarudi baada ya wiki moja kuchukua ile itakayokataliwa. Ilikuwa Julai 2007. Aliyetakiwa kuchagua ni nesi Edah Wanjala, mzaliwa wa Matulo, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiwapelekea wagonjwa wa kifua kikuu dawa zao kwa pikipiki, nyumba hadi nyumba.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya njano, inatumia betri mbili kama za redio, na jina la mahali iliandika herufi sita tu. Ya pili ilikuwa na kioo kipana cha rangi, inapata umeme kutoka kwa betri ya pikipiki, na jina iliandika lote.

Edah alizijaribu kama mtu anayenunua ng'ombe. Alizifunga zote mbili kwenye usukani akashika barabara ya Kachibora, mvua ya alasiri ikimkuta njiani. Ya njano haikujali maji, lakini mshale wake ulikuwa mvivu: ukishapita njia panda ndipo unageuka. Na vidole vikiwa ndani ya glovu zenye matope, vitufe vyake havikubonyezeka. Ile kubwa aliivisha mfuko wa nailoni, nayo ikampeleka na kumrudisha bila kumsimamisha hata mara moja.

"Ni hii kubwa," alimwambia Thuo.

Thuo alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeletwa Trans-Nzoia na wazazi wake kutoka Nyeri akiwa bado mtoto wa mgongoni. Aliigeuzageuza ile mashine.

"Sina neno nayo, sista. Lakini ndani tuweke namba za faili, si majina. Ugonjwa wa mtu ni siri yake."

"Sasa nikiwa kwa matope, nianze kufungua daftari nitafute namba kumi na nne ni ya nani? Nani ataisoma kama si mimi, bana?"

"Hilo sijui. Ndiyo maana nasema."

Wakakubaliana namba. Siku tatu Edah alizitumia. Siku ya nne alisimama mlangoni kwa mzee mmoja na dawa za mtu mwingine mkononi, akatambua kosa lake wakati mzee ameshashika kikombe cha maji. Alirudi nyumbani. Kabla ya kupika, alikaa kitandani akafuta namba zote na kuandika majina, moja baada ya jingine, arobaini na moja. Hakumwambia Thuo.

Kwa miezi mitano mashine ilifanya kazi bila lawama. Edah alizoea kuutazama mshale kuliko miti, na akawa anamaliza mzunguko wake kabla ya saa tisa.

Kisha matokeo ya kura yakatangazwa, na nchi ikawaka. Watu wenye asili ya Nyeri walikuwa wakiwindwa, na Thuo na familia yake walihamia uwanja wa maonyesho wa Kitale, pamoja na maelfu ya wengine. Edah alikaa nyumbani siku sita. Siku ya saba alipakia dawa, kwa sababu dawa ya kifua kikuu haingoji amani, na mgonjwa akiiacha katikati, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi.

Mbele kidogo ya Kachibora, barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo. Vijana kama ishirini walisimama hapo na mapanga. Mmoja, mwenye kofia ya sufi, aliing'oa mashine kwenye usukani.

"Hii ni simu gani?"

"Si simu. Inanionyesha njia."

Kijana alikuwa mtu wa kujua vitu kama hivyo. Alibonyeza mara tatu tu, majina yakajipanga kwenye kioo. Akayasoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita darasa. Walubengo. Kibiwott. Alipofika kwa Gathii, jina la watu wa Nyeri, akakoma.

"Huyu Gathii anakaa wapi?"

Edah alinyoosha mkono aichukue mashine.

"Si lazima useme. Imeandikwa hapa, kilomita nne." Akaitia mashine mfukoni. "Pita, sista. Wewe hatuna shida na wewe."

Edah aliwasha pikipiki ili amfikie Gathii kabla yao. Gathii alikuwa mwezi wa tano wa dawa, umebaki mmoja. Nyumba yake ilikuwa ndani kabisa, mbali na barabara, nyuma ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Edah alikuwa amefika pale kila wiki. Lakini alipoiacha barabara kubwa akakuta njia tatu zinazofanana, alisimama. Hakujua ni ipi. Alifuata ya kulia, ikaishia mtoni. Akarudi. Alimwona mwanamke anachuma mboga, akafungua mdomo amwulize, kisha akaufunga: siku ile kulitaja jina la Gathii mbele ya mtu asiyemjua kungekuwa sawa na kumsaliti mara ya pili. Kilomita nne zilimchukua karibu saa nzima.

Moshi ndio uliomfikisha. Nyumba ilikuwa imeanguka ndani. Gathii alikuwa amelala karibu na zizi, kifudifudi, na Edah hakuhitaji kumgusa ili ajue. Alimgusa hata hivyo. Mkewe, Wangui, na watoto wawili walitoka kwenye ghala la mahindi la jirani aitwaye Kiplimo, aliyewaficha.

Edah alimpigia Thuo simu hapo hapo.

"Wamechukua jipiesi," alisema.

"Uliandika majina?"

"Niliandika."

Akamsikia Thuo akitafuta kalamu na karatasi.

"Nitajie wa kwetu wote unaowakumbuka," Thuo alisema. "Haraka."

Walikuwa sita. Thuo aliwatafuta wote. Walikuwa wameshakimbia siku nyingi. Baada ya siku ile hakulitaja tena jambo hilo, wala hakumwita tena Edah kwa chai ya saa nne.

Wiki mbili baadaye Edah aliingia uwanja wa maonyesho na nesi mwenzake kuwapima watu walioishi na wagonjwa. Wangui alikuwa ameketi mbele ya hema, mtoto mdogo mapajani, anakohoa. Edah alichuchumaa akamwambia yote: namba, majina, yule kijana wa kofia. Hakujitetea kwa lolote.

Wangui alisikiliza hadi mwisho.

"Wale niliowaona walitokea upande wa mto," alisema. "Aliyewatangulia amevuna kwetu miaka miwili. Njia alikuwa anaijua."

"Kwa hivyo labda hawakutumia..."

"Sijui. Hata wewe hujui. Usije kwangu kutafuta hilo."

Edah aliinamisha kichwa. Kisha alitoa kikopo cha makohozi, akanyoosha mkono kumshika mtoto. Wangui alimvuta mwanawe kifuani.

"Apimwe," alisema. "Lakini si na wewe. Mwite yule nesi mwingine."

Edah alisimama, akapita katikati ya mahema kwenda kumwita.