Mchanga Ndani ya Bomba

Mgeni aliingia gereji yetu ya Moshono bila taarifa, akiendesha gari la mashindano lisilo na paa. Alitaka nguzo za chuma nyuma ya viti, ziwakinge yeye na bintiye Nkasiogi gari likipinduka.

"Dada fundi, zitashika kweli?" binti, aliyekuwa ameketi kando yake, aliniuliza.

"Nitazikagua. Zikiwa mbovu, nitakuambia mwenyewe."

Kesho yake nilimkuta bosi wangu, Mzee Gerson, akichomelea nyuma ya viti vya gari lile bomba jembamba la kutengenezea mageti. Alikuwa amelishindilia mchanga na saruji, ili wakaguzi wa mashindano wakiligonga lisikike zito.

"Shikamoo mzee. Hili litakunjika na watu ndani."

"Marahaba, msomi. Baba mtu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, mashindano ni Jumamosi na bomba nene halitawahi kufika. Wewe paka rangi."

Nilichukua brashi ya rangi. Baba mtu.

Jioni walikuja kuchukua gari. Baba alizipapasa nguzo akitabasamu, kama anayenunua ng'ombe mnono. Nkasiogi alikuwa ameshaketi.

"Shuka," nilimwambia. "Ndani ni mchanga. Baba yako anajua."

Alimtazama baba yake, akashuka.

"Vua ovaroli yangu," alisema Mzee Gerson, "na usirudi hapa."

Niliivua.