Kubwa, au Ile ya Mfukoni

Umewahi kwenda dukani kununua kitu, na moyoni ukaomba muuzaji asikuuzie? Mimi nimewahi, nikiwa na miaka sabini na sita, na kitu chenyewe kilikuwa kamera.

Nianze na bwawa. Liko katika bustani nyuma ya maktaba, hapa kwetu Matsue, Japani, na mimi hulizunguka kila asubuhi nikishaanika nguo. Baridi ikianza, upande wa mianzi hujipanga watu wazima wenzangu, saba au wanane, kila mmoja na kiti chake cha kukunja na kamera yake juu ya miguu mitatu, lenzi ndefu kama chupa ya chai. Wanamngoja mdiria. Ndege mwenyewe hafiki hata ngumi yangu, mgongo wake wa buluu inayowaka, na huja akipenda. Asipokuja, watu wale humenya machenza, humiminiana chai, hutaniana. Mwenye lenzi kubwa kuliko wote ni Mzee Soga, aliyestaafu kazi ya reli, na lenzi hiyo ameifunga kitambaa cha madoadoa kama sare ya jeshi. Siku moja nikipita nilimsikia Bi Kurashige, yule mwenye kofia ya zambarau, akimwambia, "Lenzi umeivisha koti, mwenyewe unatetemeka. Mdiria akikuona atakuletea samaki wake."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, peke yangu, kule njiani. Nikainama kuwasalimu, wakainama, nikapita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku ile, ukiondoa msichana wa dukani aliyeniuliza kama nataka mfuko.

Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kila asubuhi namwekea wali wa moto mbele ya picha yake, pale kwenye madhabahu ya nyumbani. Picha yenyewe tuliikata kutoka picha ya safari ya wafanyakazi wenzake, maana hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpiga picha peke yake, na mpaka leo bega la mtu mwingine limebaki pembeni. Huwa namhadithia mume wangu mambo yangu, na lile bega linasikiliza.

Sasa, kwetu huku mtu haendi tu akakaa na watu asiowajua. Lazima uwe na sababu, na sababu ionekane. Pale bwawani sababu ni kamera. Basi nikasema nitanunua kamera, nitapata kiti.

Duka liko ghorofa ya tatu, karibu na stesheni. Aliyenihudumia ni Bwana Hatori, mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, vidole safi kama vya daktari wa meno. Akaniuliza napenda kupiga picha za nini. Nikamwambia mdiria. Akafurahi kama nimetaja ndugu yake.

Kwanza alinitolea ile kubwa, ya lenzi za kubadilisha. Akanieleza kwamba kamera za zamani za namna hiyo zilikuwa na kioo ndani, kinaruka juu kila unapopiga, kwa kishindo. Hizi za sasa kioo kimeondolewa, kwa hiyo zimepungua uzito na zimekuwa kimya, ndege hashtuki. Imepungua uzito, alisema, lakini alipoipachika lenzi ya ndege ilinivuta mikono kama ndoo ya maji. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjika niliposhika ardhi kwa mkono nikiteleza kwenye barafu uani, na tangu hapo hakipendi mzigo; nikamwambia hivyo. Nilipochungulia ndani ya kamera, rafu nzima ya duka ilikuwa inatetemeka.

Kisha akanitolea ya mfukoni. Hiyo ilikaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Ukiiwasha, lenzi inachomoza polepole kama kichwa cha kobe, ukiizima inarudi ndani. Nikaijaribu kwenye mfuko wa aproni niliyokuwa nimesahau kuivua chini ya koti, ikaingia, ikapotea.

"Mama, nikwambie ukweli," alisema Bwana Hatori. "Hii ndogo itakufuata mpaka jikoni, lakini mdiria wa ng'ambo ya bwawa atatoka kama tone la wino. Kubwa itakuonyesha kila unyoya. Ila je, utaibeba?"

Akaniambia nisiharakishe, nikafikirie nyumbani, nirudi nikitaka.

Nikarudi. Safari hiyo aliniulizia kifundo cha mkono. Akaniuliza kama nina wajukuu wanaokimbiakimbia, kwa sababu kukimbia nako kuna kamera yake. Akaniuliza kama napenda kupiga picha ya chakula, na ninapika nini siku hizi. Nikamwambia figili na ngisi, tena nikamweleza jinsi ninavyozimenya figili kingo zake zisivunjike kwenye mchuzi, na yeye akasimama pale, mikono imeshikana mbele, akasikiliza mpaka nikamaliza. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza maswali matatu mfululizo na akangoja majibu.

Binti yangu Chinatsu anaishi Osaka na hunipigia simu Jumapili. Alipopata habari alisema nichukue ya mfukoni mambo yaishe. Au nipige picha kwa simu niliyonayo.

"Kwani huyo mdiria ana cheo gani, Mama, asipigwe picha kwa simu?"

Nikamwambia hana cheo. Akaniuliza kama nakula vizuri, nikasema nakula vizuri, akasema haya, akaenda zake. Ana kazi nyingi, simlaumu.

Mara ya tatu nilimpelekea Bwana Hatori machenza, kwa usumbufu ninaompa. Naye akanipa kitambaa laini cha kufutia lenzi, ilhali lenzi sina. Kitambaa cha watu hakipokelewi mikono mitupu, kwa hiyo niliporudi nilibeba mochi, zile keki za mchele zenye maharage matamu ndani, nilizozitengeneza mwenyewe. Akanipa katalogi mbili na kalenda ya mezani. Tukaendelea hivyo. Kila nikikaribia kuchagua moja nilikuwa nauliza habari za nyingine. Jioni, nikiosha bakuli langu moja na vijiti vyangu, nilikuwa natunga maswali ya kwenda nayo: betri inajaa kwa muda gani, umande unaingia au hauingii, glavu je. Siku moja nilimwambia mume wangu pale madhabahuni kwamba kitufe cha ile kubwa kiko mbali, kidole changu hakifiki. Nilikuwa namdanganya. Kidole kilifika vizuri sana.

Mwishowe ikaja siku ya mvua iliyochanganyika na theluji. Duka lilikuwa tupu. Nilipofika kwenye kaunta nikaona kamera zangu mbili hazijatolewa. Badala yake kulikuwa na kikombe cha chai kinachofuka, na Bwana Hatori akaniinamia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Akasema jambo moja limekuwa likimsumbua. Ameona wazi kwamba kamera siitaki, ila naona haya kukataa, kwa kuwa amenieleza mambo mengi mno. Kosa ni lake, hakuacha nafasi ya mteja kusema hapana. Na sasa mama mtu mzima anapanda basi na baridi hii, anabeba zawadi, kwa sababu ya ulimi wa muuzaji. Uso wake ulikuwa mwekundu aliposema hayo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi, nadhani.

"Mama Nunokawa, hakuna unachodaiwa hapa," alisema. "Tafadhali, usijisumbue tena kuja."

Alinionea huruma kweli, na aliisema kwa adabu kiasi kwamba sikupata pa kushika. Mtu akikufungulia mlango namna hiyo, unatoka. Nikamwambia ni kweli, nilikuwa naona haya. Nikamshukuru kwa kunitua mzigo. Nikanywa chai yote, maana kuiacha ingekuwa kumuumiza, na ulimi ukaniungua. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akainama, akabaki ameinama mpaka milango ikajifunga.

Chini, basi langu lilikuja nikalitazama likiondoka. Nilikuwa nalijua neno ambalo ningemwambia. Lilikuwa fupi tu. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, katalogi zikalowa ndani ya mfuko, kurasa zikagandana.

Baada ya hapo sikwenda bwawani. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilikwaruza masizi ya sufuria ambayo hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyaacha. Chinatsu aliponipigia aliniuliza kuhusu kamera, nikamwambia nimeghairi, akasema afadhali. Halafu nikakaa chini nikasikiliza friji.

Asubuhi ya kwanza ya jua nilitoka. Walikuwepo wote upande wa mianzi, pumzi zao zinafuka. Nikafika, nikainama, wakainama, nikapita kama nilivyozoea. Nilipofika mwisho wa mianzi miguu ikasimama. Njia ile ni ya kuzunguka, watu wote huenda upande mmoja, sijawahi kuona mtu akigeuza. Nikageuza.

Bi Kurashige akainua uso. "Umeangusha kitu, dada?"

Nikasema hapana. Nikabaki nimesimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Akaitazama mikono yangu iliyokuwa mitupu, kisha akatabasamu kama mtu aliyeelewa. Akaniambia mdiria ameondoka sasa hivi, ningebahatika kumpiga picha laiti ningekuwa na kamera. Mzee Soga akadakia kwamba nisije nikamsikiliza mwanamke huyu, yeye hupiga picha za maji matupu, ndege huwa ameshafika upande wa pili.

"Wewe nyamaza na lenzi lako la vita," akamjibu, na akanigeukia tena. "Unataka kununua ipi, dada, kubwa au ya mfukoni? Mimi nimetumia zote. Njoo siku yoyote uniulize."

Hapo ndipo nilipoona jinsi ilivyo rahisi. Maswali yote nilikuwa nayo, nimeyatunga mwenyewe, mengine sikuwahi hata kuyatumia. Betri, umande, glavu. Yangenifikisha mpaka baridi iishe, maua ya plamu yachanue, na hakuna ambaye angejua. Nilifungua mdomo niulize la betri.

"Kamera sitaki, dada," nikasema. "Mimi nilitaka kukaa na nyie, basi."