Miwati ya Benedicta

Dirisha la mashauri la ofisi ya wilaya lilifunguliwa saa mbili kamili, na Philbert alikuwa hajafunika kitabu. Somo la tisa lilikuwa limefika kwa posta kutoka London juma lililopita: sheria ya amana. Aliyeshika mali ya mwenzake haruhusiwi kujinufaisha nayo, wala kumnufaisha mwanawe. Maneno hayo alikuwa ameyapigia mstari kwa wino. Mchana alikuwa karani, jioni mwanafunzi wa shahada ya sheria, na pale ofisini walikwisha kuzoea kumwita mwanasheria, nusu kwa utani.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Benedicta, binti wa marehemu baba yake mdogo.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene. Umekuja na nini?"

"Na lori la chai, toka jana." Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani aliyokuwa akichuma tangu alipoachishwa shule, darasa la nne. "Nataka uniandikie barua kwa Bwana Shauri. Habari ya miwati ya baba."

Philbert alivuta karatasi, akauliza kama alivyouliza watu wote. Shamba liko wapi? Nani alilishika baba yako alipofariki?

"Si unajua, kaka. Baba mkubwa. Alisema atanitunzia mpaka nikue. Sasa nimechumbiwa, nimekwenda kuuliza, anasema miti iliungua moto. Nikafika mpaka shambani. Visiki vimekatwa kwa shoka. Hakuna hata kimoja kilichoungua."

Kalamu ilisimama. Baba mkubwa huyo alikuwa Liberatus, baba yake Philbert. Magome ya miti ile yalikwenda kwenye kiwanda cha dawa ya kutengenezea ngozi, na ndiyo yaliyolipa ada ya London na vitabu vyote vilivyokuwa juu ya meza.

"Haikuungua," alisema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Iliuzwa. Fedha yake ndiyo ninayosomea."

Benedicta alikitazama kitabu.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa kwanza. Baba aliniandikia."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

Watu wa nyuma walianza kukohoa. Laiti angemtukana, Philbert angepata mahali pa kujibu. Lakini Benedicta alisema tu, "Basi andika hivyo hivyo."

Aliandika kwa Kiingereza safi. Alimtaja baba yake kuwa ndiye aliyeshika amana, akajitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyeila. Kisha akampelekea Mzee Muhidini, karani mkuu, naye akaiingiza kwa Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya. Saa tano barua ilirudi ina mstari mmoja wa maneno kwa penseli nyekundu.

"Shauri la ardhi la wenyeji," Muhidini alisema. "Linaanzia kwa jumbe wao."

"Jumbe wao ni huyo huyo Liberatus. Jina lake limo ndani."

"Nimeliona. Utaratibu ndio huo."

"Mzee, mtu hawezi kuamua shauri lake mwenyewe. Sheria ya..."

"Ya London," Muhidini alimkatiza kwa upole. "Hiyo ni ya mtihani wako, mwanangu. Huyu dada yako hayumo. Mpe aipeleke."

Philbert aliitia barua kwenye bahasha, akaandika juu yake: Kwa Jumbe Liberatus. Benedicta aliitoa tena, akaipitishia kidole mstari kwa mstari. Kiingereza hakukijua, ila majina aliyatambua.

"Hili ni lako?"

"Langu."

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini wewe utakuwa hapa. Mimi ndiye nitakayesimama mbele yake akiisoma."

Alifunga bahasha kwenye pindo la kanga, akaenda kutafuta lori la kurudi Igowole.

Philbert alirudi dirishani. Mzee aliyefuata, mwenye umri wa kuwa babu yake, alivua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mwanasheria."

"Vaa kofia yako, babu," Philbert alisema. "Tafadhali, vaa."

Mzee aliing'ang'ania kifuani kwa mikono miwili. Hakuthubutu.