Mzimu Mwenye Meno Mazuri

"Mama, huyu mzimu ana meno mazuri kuliko yangu."

"Kwa sababu yeye hali peremende kitandani."

"Mama, mimi sitanii."

"Wala mimi. Meno yako nayajua tangu hayajatoka."

Robo saa nzima tulikuwa tukirushiana maneno hivyo, binti yangu na mimi, jikoni kwenye nyumba aliyokodi kwa ajili ya filamu yake. Katikati yetu, juu ya kigoda, alikaa mzimu mwenyewe, kinywa wazi kama mtoto anayesubiri dawa ya minyoo. Uso wake ulipakwa majivu, nywele zimetimuliwa zikasimama. Ukimtazama kuanzia paji la uso hadi puani, unaogopa. Ukishuka mdomoni, unatamani kumuuliza anatumia dawa gani ya meno.

"Funga kwanza, dada," nilimwambia. Akafunga. "Sasa tabasamu."

Akatabasamu. Mwanamke wa kamera, ambaye sote tunamwita Jicho, alicheka hadi akaikumbatia kamera isianguke. "Mpeni na mswaki mkononi," alisema. "Tuuze tangazo kabisa."

Meno niliyatengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu: nina stashahada ya ufundi wa meno, na kwa miaka ishirini na miwili nimekaa chumba cha nyuma cha zahanati, na koti jeupe na plasta ya kumiminia maumbo ya vinywa kwenye kucha, nikiwapa watu meno ya bandia ya kutafunia. Wiki mbili kabla ya siku hiyo binti yangu aliniandikia ujumbe: "Mama, nataka meno yanayotisha." Nikampa.

"Kwako wewe kila kizuri kinatisha," nilijitetea. "Viatu vinatisha. Simu ya shoga yako inatisha. Juzi nimekupunguzia suruali, ukasema mama umetisha. Mimi ningejuaje safari hii unamaanisha kutisha?"

"Ni filamu ya mzimu, mama. Ulidhani anakwenda kwenye usaili wa kazi?"

Ukweli wenyewe ulikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo sikuusema. Nilijua fika anataka mabaya. Nilipinda jino moja la mbele, nikatoka kunywa chai, niliporudi nikaendelea na kazi, na jioni nikagundua nimelinyoosha. Mkono ulijifanyia wenyewe. Mkono uliofundishwa kunyoosha kwa miaka ishirini na miwili hauombi ruhusa.

Mzimu wetu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Watu wa filamu wanamwita Mkwe, kwa kuwa tangu aanze kuigiza hajapewa nafasi nyingine isipokuwa ya mama mkwe. Anaingia, anafunua sufuria, anafyonya, anatoka. Miaka ishirini na kitu ya kufyonya. Alikuja kwangu kama mteja, nikamtengenezea meno yote ya juu, na siku ya kuyajaribu alinitolea sauti tatu tofauti mbele ya kioo hadi nesi akaja kuchungulia ni nani anagombana. Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu, "Mzimu wako nimempata." Kwa Mkwe, hii ilikuwa filamu ya kwanza ambayo mhusika mkuu ni yeye.

Hadithi yenyewe si ndefu. Mwanamke aliyekufa anarudi jikoni kwake na kuendelea kuosha vyombo. Binti yake anaingia, anamwona kwa mgongo, anamwita. Mama anafunga bomba, anageuka, anatabasamu. Basi. Filamu nzima inasubiri tabasamu hilo, na lilikuwa halijapigwa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mpiga picha wa harusi na taa zote zilikuwa zake. Alimtazama Mkwe, akatazama saa yake.

"Nyumba tunarudisha funguo saa kumi," alisema. "Sasa hivi ni saa nne. Ikifika saa nane na mdomo huo bado hivyo, namwita yule binti niliyewaambia. Gauni jeupe, nywele hadi hapa, anakimbia kwenye korido. Watu wanataka mzimu mrembo. Bibi kizee hatishi, anasikitisha."

"Na mimi?" aliuliza Mkwe.

"Wewe utakuwa mama yake huyo mzimu. Unalia mlangoni."

"Nikimaliza kulia, nifunue sufuria?"

Jicho aliinamia kamera yake. Shemeji hakuelewa. Binti yangu alielewa. Alikuwa ameandika hadithi hii mara saba. Mara saba zote mzimu alikuwa mwanamke mwenye mikunjo.

"Baba mdogo, tupe hadi saa nane," alisema.

"Si ndiyo nimesema saa nane?"

Nilimtoa Mkwe meno yale kinywani, nikayafunga kwenye leso, nikachukua mkoba. Binti yangu alinifuata hadi getini akitaka kunieleza jinsi anavyoyataka: meusi, yamevunjika, yamechongoka. Nilimwambia arudi akafanye kazi yake.

Zahanati ilikuwa na watu, lakini chumbani kwangu hapakuwa na mtu. Nilivaa koti, nikawasha kinu kidogo cha kusagia meno. Nikafanya alivyosema. Nilivunja ncha, nikapaka rangi ya kahawia na nyeusi, nikaligeuza moja ubavu. Nusu saa ilipita. Nikayaweka kwenye plasta, lile umbo gumu la kinywa cha Mkwe, nikarudi nyuma hatua mbili. Yalikuwa meno ya kinyago cha dukani. Tena mimi meno mabovu nayaona kila siku ya Mungu. Hayanitishi. Yananifanya nitafute glavu.

Nikakaa. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza wiki mbili nyuma: katika miaka yote hii ya vinywa vya watu, ni lini niliogopa?

Mara moja tu. Mwaka wangu wa pili kazini nilichanganya trei. Meno ya mzee mmoja yaliingia kinywani mwa mzee mwingine. Yalikuwa mazuri, yamesuguliwa, hayana kasoro hata moja, na kwa bahati yalishika. Yule mzee alicheka kutushukuru, na nesi aliyekuwa pembeni akarudi nyuma akagonga kabati. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Mtu yule yule, sauti ile ile, lakini aliyekuwa anacheka alikuwa mwingine.

Kwa hiyo kosa halikuwa uzuri wa meno. Kosa langu lilikuwa kwamba niliyatengeneza yamfae.

Nilifungua droo ya chini. Humo ninaweka plasta za zamani ambazo mtu mwenye akili angeshazitupa. Ya binti yangu ilikuwa nyuma kabisa, ya alipokuwa na miaka sita, kabla hajang'oka jino hata moja. Nilichukua umbo la kinywa chake siku ile alipoanguka kwenye ngazi, nikihofia ameumia taya. Meno ya utoto kumi juu, madogo, meupe kuliko ya mtu mzima, yamejipanga kama punje. Nilikaa nayo mkononi kidogo. Kisha nikaangalia saa, nikachanganya silikoni ya kutengenezea kalibu.

Sitawachosha kwa ufundi. Nilitengeneza kalibu ya meno yale kumi, nikamimina plastiki nyeupe, nikayatoa, nikayasugua hadi yakang'aa. Nikayapanga kwenye ufizi mpana wa Mkwe, mahali penye nafasi ya meno kumi na manne, kwa hiyo kati ya jino na jino kulibaki pengo. Mapengo yote niliyapima yakawa sawa. Safari hii mkono niliuacha unyooshe upendavyo. Kwa ufizi nilitumia akriliki, plastiki ya waridi isiyohitaji kuchemshwa, nikaifungia kwenye sufuria ya presha, nikasimama hapo nikiihesabia dakika kama maziwa jikoni. Saa saba na nusu nilikuwa nimerudi.

Shemeji alikuwa mezani na kikombe cha chai. Nilimpeleka Mkwe kwenye kona, nikamvalisha meno, nikampitisha kidole kuona kama yanamkwaruza. Hayakumkwaruza. Sikumtazama sana. Nilikuwa nimeshayaona kwenye plasta na yalinitosha.

"Nenda kamwulize shemeji kama chai ina sukari," nilimwambia.

Mkwe akaenda. Aliinama kidogo, kwa adabu, akasema, "Chai imekolea, baba?" Na akatabasamu.

Shemeji alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Chai ilimwagika mezani, ikaanza kudondoka sakafuni, na hakuna aliyekwenda kutafuta kitambaa. Jicho alikuwa ameziba mdomo. Binti yangu alisogea karibu, akasogea tena, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa ya Mkwe.

"Haya meno nayajua," alisema polepole.

"Ni yako," nilimwambia. "Ya miaka sita."

"Kwa nini mama aliyekufa ana meno ya mtoto wake?"

"Sijui. Wewe ndiye mwandishi."

Nikaona anafikiri, na nikaona kwamba alichokifikiria kimemwogopesha na kimempendeza.

"Hapana," alisema shemeji. Alikuwa ameokota kiti lakini hakukikalia. "Hapana, shemeji. Toa kitu hicho. Watu wanataka kuogopa kidogo, warudi kwao wakalale."

"Hao waangalie harusi zako."

"Mimi nimepiga picha miaka kumi na mitano."

"Na umeruka kama umekalia sindano. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Imefanyika."

"Nimesema hapana." Hakufoka. Nadhani angefoka ingekuwa rahisi. "Taa zangu hazitamulika kitu hicho. Mkiwa tayari kwa gauni, nipo kwenye gari. Binti yuko njiani."

Alizitoa taa moja baada ya nyingine. Kila aliyoizima, mwanga wa jikoni ulipungua. Madirisha yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa kitambaa cheusi ili mchana uwe usiku, na alipoibeba ya mwisho tulibaki tunaonana vivuli tu. Mlango wa nje ukafungwa.

Binti yangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Bila taa hatuna filamu," alisema. "Kesho nyumba si yetu. Labda... labda tumpe hilo gauni. Tupate hata kitu cha kuonyesha."

Nilisikia kitu kidogo kikigonga sinki. Mkwe alikuwa amefungua kikopo cha meno yake ya kawaida, anajiandaa kubadilisha. Hakulalamika. Amezoea.

"Mimi hata usiku sijawahi kuuogopa," alisema, kama anayezungumza na bomba. "Yote mabaya yaliyonikuta yalinikuta mchana. Simu ya msiba wa mwanangu ilinikuta saa nne asubuhi, naosha vyombo. Jua lilikuwa kali, lilikuwa linaingia hadi kwenye sahani."

"Funika kikopo hicho," nilimwambia.

Nilipanda juu ya meza. Nilishika kitambaa cheusi kwa mikono miwili, nikavuta. Misumari ilitoka na chokaa kidogo. Cha pili kilichanika katikati, nikakitoa vipande. Jua la saa nane liliingia kwa nguvu hata Jicho akakunja uso.

"Mama, nimeipanga yote iwe usiku," binti yangu alisema.

"Ipange upya. Una saa mbili."

Alitaka kunijibu. Namjua, alikuwa na jibu. Lakini Mkwe alikuwa amegeuka kuutazama mwanga, na mwanga ule ulimwonyesha kila kitu: majivu, mikunjo, mishipa ya shingo, na katikati ya yote hayo meno kumi madogo, masafi, yanayong'aa. Hapakuwa na kivuli cha kujifichia. Binti yangu alisimama kutoka kwenye ndoo.

"Jicho, rudi hadi mlangoni," alisema. "Kamera ikae chini, urefu wa mtoto, ndiyo macho ya binti yake. Usimfuate akigeuka, mwache ageuke mwenyewe." Sauti yake ilikuwa nyingine. "Mkwe, vyombo halisi, maji halisi. Osha kama una haraka ya kwenda mahali. Mama, chukua shuka jeupe, simama pale, umrudishie jua usoni."

Nilichukua shuka. Yeye alikwenda mlangoni, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mfukoni.

"Kamera?"

"Inakwenda," alisema Jicho.

Maji yakafunguliwa. Mkwe aliosha sahani ya kwanza, akaosha ya pili. Nilibana viwiko mbavuni ili shuka lisitikisike. Ndipo mlango ukagongwa. Mara tatu, kwa ngumi, na sauti ya shemeji ikaita jina la binti yangu. Jicho aliinua macho kutoka kwenye kamera.

Binti yangu alitikisa kichwa. "Usizime," alinong'ona. "Anagonga vizuri, sauti hiyo tunaitumia."

Shemeji akagonga tena. Mkwe akafunga bomba, akafuta mikono kwenye gauni, akageuka.